Gari la Mzee Ambakisye

Hapo zamani, tena si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu ya watu wenye simu mfukoni, alikuwapo mwalimu mmoja huko Tukuyu, jina lake Subilaga. Mumewe, Lugano, alikuwa mgonjwa wa figo. Kila Jumatatu na kila Alhamisi sharti afike Mbeya mjini, alazwe kwenye mashine, damu isafishwe. Asipofika anavimba, na akivimba pumzi zinambana. Basi la alfajiri lilimshinda, alikuwa akizimia njiani. Subilaga akasema potelea mbali, shamba la chai liende, mume wangu apate gari.

Watu wakamwelekeza kwa Mzee Ambakisye, aliyekuwa anauza gari lake la petroli, lile la juu linalotaka kufanana na jeep. Msimdharau Subilaga. Alikuwa ameuliza walimu wenzake wenye magari, wakamfundisha. Akachomoa kijiti cha oili, oili safi. Akafungua kifuniko cha kumiminia oili, akatafuta ule ute mweupe unaoonyesha kwamba maji yameingia, hakuona. Akamwomba mzee awashe. Gari likawaka, likatulia, moshi hauonekani. Akapanda nalo kilima, akashuka nalo. Gari likaenda vizuri, na moyo wake ukaenda nalo.

Sasa, katika nyumba ile alikuwamo Tusekile, mke wa Gwamaka, mtoto wa mzee. Tusekile ni fundi wa magari, ana gereji yake pale stendi. Utaniuliza mbona fundi hakuitwa kukagua. Ungezaliwa Unyakyusa usingeuliza. Kwa mila ya kule, mkwe wa kike hasimami mbele ya baba mkwe, hamsemeshi, wala jina lake halitaji. Wengi wameshaacha, nyumba ile haijaacha. Mzee akitokea uwanjani, Tusekile anazunguka nyuma. Siku ile alizunguka hivyo hivyo, Subilaga akamwona mgongo tu.

Wakati wa kuondoka, Gwamaka akamsindikiza mgeni hadi barabarani. Akamwambia kwa upole kwamba mke wake anasema gari husikilizwa alfajiri, injini ikiwa bado imelala. Afadhali arudi kesho. Subilaga akashukuru. Lakini kesho ilikuwa Alhamisi. Akarudi jioni ileile, akalinunua.

Likamtumikia masika yote. Asubuhi lilikuwa na mkwaruzo kidogo likiwashwa, naye akadhani ndivyo magari yanavyoamka. Hata Jumatatu moja, kwenye mpando wa Isongole, injini ikapiga kelele ya vyuma, ikazima. Cheni ya ndani ilikuwa imekatika, injini imekufa kabisa. Lugano akakaa kando ya barabara mpaka jua likapinda, uso umemvimba, mkewe akimpepea kwa kanga huku analia. Lori la ndizi ndilo lililowaokoa. Alipona, lakini kwa taabu.

Kesho yake wazee wa pande zote mbili wakakutana kwa Ambakisye. Wakasema mgonjwa hawezi kungoja kesi. Itafutwe injini nyingine, na mtu mmoja tu abebe gharama yake, ijulikane ni nani.

Mzee Ambakisye akamwambia Subilaga, "Mwanangu, kosa langu nini? Gari lile nililiwasha kila alfajiri likapata moto, tangu siku ya kwanza. Hata ulipokuja nililiwasha kwanza. Nikukaribishe kwenye gari la baridi? Mkwaruzo unaosemwa mimi siujui. Masikio yangu yamekwisha, mwanangu."

Ikatoka sauti nyuma ya ukuta. Alikuwa Tusekile, amekaa jikoni, mlango umerudishwa.

"Dada Subilaga, nami kosa langu nini? Kila alfajiri niliisikia ile cheni ikikwaruza. Oili ikipanda, inanyamaza. Nilijua itakatika. Lakini nitoke mbele za watu nimvue nguo baba wa mume wangu? Nilimtuma mume wangu akwambie yote. Nilipoona umelinunua, nikajua umeamua ukijua."

Gwamaka akainamisha kichwa. Alikiri kwamba alitumwa kusema cheni imekwisha. "Ila kosa langu nini? Nisimame barabarani nimwite baba yangu mwongo, naye si mwongo? Nilisema njoo alfajiri. Angekuja, angesikia kwa masikio yake mwenyewe."

Watu wakamgeukia Subilaga. Wakangoja naye aulize kosa lake nini, lakini hakuuliza.

"Niliambiwa nije alfajiri," alisema. "Alfajiri ile nilikuwa namvalisha mume wangu viatu. Miguu ilikataa kuingia."

Wazee wakaanza kubishana. Mmoja akamtaja mzee, mwingine akamtaja mwanawe. Akatokea bibi mmoja akasema anayejua ndiye mwenye kosa, akajibiwa kwamba aliyeonywa naye alijua. Mpaka wanatawanyika, walikuwa hawajakubaliana.

Na ninyi mnaonisikiliza, msiniletee habari ya kugawana, kwa maana injini haikatwi mapande, wazee wamesema mtu mmoja, na keshokutwa ni Alhamisi. Lugano yuko kibarazani, miguu imeanza kuvimba tena. Je, nani aibebe: aliyeipasha moto, aliyeisikia, aliyetumwa, au mwenye mgonjwa?