Kona Tupu ya Ubao wa Nta

Zamani nakshi zilikuwa hazikai mahali pamoja. Ungesuka mkeka wako leo kwa mistari ya rangi ya udongo, ukaupenda, ukaukunja. Kesho ukiukunjua unakuta mistari imehamia kwenye ungo wa jirani, na mkeka wako umekaliwa na miiba ya samaki iliyotoka hujui wapi. Nakshi zilipita chini ya milango, zilipanda kuta, zilivuka uani mchana kweupe kama siafu. Watu wa Mpandula, kijiji cha warina asali katikati ya miombo, walikwisha kuzoea. Walipoamkiana waliulizana, "Umeamka na nini?" na mwenzake akajibu, "Nimeamka na vidoa kwenye kibuyu," au, "Leo nina mawimbi, hata sijui yatakaa mpaka lini." Kisha kila mtu akaenda zake.

Mtu mmoja tu hakuweza kuzoea, naye aliitwa Kalunde.

Kalunde alikuwa na watoto watano na mume ambaye msimu mzima alikuwa porini akitundika mizinga. Yeye alibaki nyumbani na masega: kuyachemsha, kuyakamua, kuchuja nta, kuimimina igande. Kazi hiyo angeiweza, na watoto wanne wa kwanza angewaweza. Wa tano ndiye aliyemshinda. Huyu aliitwa Wande, binti wa miezi saba, na alikuwa halali mpaka aone miraba myekundu na myeusi. Ilikuwa miraba ya nguo ambayo bibi yake alimfumia kabla ya kufa. Akiiona, macho yalilegea, akanyonya, akalala. Asipoiona alilia, na akilia hakushika titi.

Sasa fikiria mama wa namna hiyo katika nchi ambayo miraba inatembea.

Kila kulipokucha Kalunde alimfunga Wande mgongoni akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Alichungulia vikapu vya watu, alifunua vyungu, aligeuza vigoda. Akiikuta miraba kwenye ungo wa mtu aliketi hapohapo, amealikwa au hakualikwa, mpaka mtoto alale. Mara nyingi hata hakuketi, maana miraba yenyewe ilikuwa inaondoka, naye ikambidi aifuate nyuma huku akimgeuza mtoto ili aione.

"Mama Wande, unatafuta nini tena chini ya kitanda changu?" Bibi Mwashi, jirani yake, alimwuliza siku moja.

"Miraba, bibi."

"Ilipita jana, ikaenda kwa mhunzi. Mwanamke wewe! Wenzako wanafukuza mbuzi, wewe unafukuza mapambo."

"Mbuzi ana kamba, bibi. Ningejua pa kuifunga hii ningeifunga."

Bibi Mwashi alicheka hadi akashika mbavu. Lakini alipomtazama mtoto aliacha kucheka. Shingo ya Wande ilikuwa imekuwa nyembamba kama ya kifaranga aliyenyeshewa, na utosi ulikuwa umebonyea. Baada ya hapo miraba haikuonekana kwa siku nne. Mtoto alikuwa amenyonya mara mbili tu.

Siku ya tano Kalunde hakwenda kuzunguka, kwa sababu masega yalikuwa yanaanza kuchacha na nyumba ilihitaji kula. Aliweka chungu kwenye mafiga, akaegemeza ubao wa kukamulia ukutani, akawa anakoroga nta kwa mkono mmoja na kumpapasa mtoto kwa mkono wa pili. Ndipo akaiona. Miraba ilikuwa inatoka kwenye ufa wa ukuta, mmoja nyuma ya mwingine, ikipita juu ya ubao kuelekea uani.

Hakufikiri. Alichota nta inayochemka kwa kata, akaimwaga juu ya ubao wote.

Miraba ilitetemeka mara moja, kisha nta ikaganda, nayo ikabaki ndani yake. Kalunde aliigusa kwa kidole. Haikwenda popote. Akamgeuza Wande aone. Mtoto alitazama, akavuta pumzi ndefu, akatafuta titi.

Wande alilala siku tatu, akiamka kunyonya tu. Kalunde alimaliza masega yote, akafua, akawanyoa watoto wakubwa. Alidhani mambo yamekwisha.

Lakini nakshi nyingine zilikuwa zimepata habari. Zilitoka kijijini zote kwa siku moja: vidoa, mawimbi, miiba ya samaki, mistari. Zilikwenda kusimama juu ya kichuguu nje ya kijiji, zikawa zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, wala hazikuthubutu kurudi. Huku nyuma nyungo zikawa tupu, vibuyu vitupu, nguo tupu. Na Mpandula mkeka mtupu ulikuwa ukitandikwa msibani tu. Mzee Misigalo, mkuu wa kijiji, alikuwa anamwoza binti yake kesho kutwa. Wakwe wakija wakute mikeka mitupu, wangeuliza nani amekufa.

Akaja kwa Kalunde na nusu ya kijiji nyuma yake.

"Mama Wande, umefunga nakshi."

"Nimefunga moja, mzee. Zilizobaki zimejikimbilia zenyewe."

"Yeyusha nta. Iachie."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni mtoto. Watoto wote hulia."

Kalunde alimtazama mzee, akawatazama wale waliokuja naye, akaona hakuna wa kumtetea. Akaulaza ubao juu ya makaa. Nta ililegea, ikachuruzika, na miraba ikaruka pembeni, ikakimbia mbio kuelekea kichuguuni. Nakshi nyingine zilipoiona zikaanza kurejea kijijini kidogo kidogo, zikihama kwa woga kutoka kitu hadi kitu, zisitulie hata pumzi mbili. Miraba ilibaki kulekule nje.

Wande akafumbua macho, akaona ubao mtupu, akaanza.

Kalunde alimfungua mgongoni. "Shika, mzee," akasema, akamweka mikononi mwa Mzee Misigalo, akaketi chini, akanyoosha miguu.

"Sasa mimi nimfanyeje?"

"Mtoto ni mtoto," alijibu Kalunde.

Mzee alimrusharusha. Alimwimbia. Akampa mke wake, naye akampa dada yake, naye akampa Bibi Mwashi, na Wande akapita mikono yote ya Mpandula bila kunyamaza. Kilio chake hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kile cha mtoto aliyechoka, kinachoingia sikioni kama kibanzi. Jua lilipovuka utosi kilianza kukatikakatika. Alipewa titi, akageuza uso. Mdomo ulikuwa umekauka. Bibi Mwashi alimrudisha kwa mama yake.

"Mzee, mtoto anakwenda," alisema.

Mzee Misigalo aliinuka. "Rudisheni miraba. Ikamateni!"

Vijana walikimbilia kichuguuni, lakini miraba ilikwisha kuunguzwa na nta, haikutaka mara ya pili. Ilipowaona ilijitawanya majanini, ukabaki udongo mtupu.

Kalunde hakulia. Alisimama, akampa Bibi Mwashi mtoto, akaanza kuagiza watu kama anavyoagiza wanawe. "Wewe, nisagie udongo mwekundu, laini. Wewe, kwangua masizi kwenye vyungu, yote. Mzee, chochea moto." Na Mzee Misigalo akapiga magoti, akapuliza makaa.

Aligawa nta kwenye vigae viwili, akatia udongo huku na masizi huku, akatafuna ncha ya kijiti mpaka ikawa nyuzinyuzi. Hakuwa amewahi kuchora kitu. Alichora miraba ile kama alivyoikumbuka, na aliikumbuka vizuri kuliko uso wake mwenyewe. Ila nta haingoji mtu. Ukichovya, kabla hujafika ubaoni imeanza kuganda. Ukisita, mstari unavunjika. Mikono yake ilikuwa na uchovu wa miezi saba. Mraba wa kwanza ulipinda. Wa pili ukamezwa na wa tatu. Nyekundu ikavuja ndani ya nyeusi.

"Haifanani," mtu alinong'ona.

"Nyamaza," alisema Mzee Misigalo.

Bibi Mwashi alimsogeza mtoto mbele ya ubao, karibu na kifua cha mama yake. Wande alitazama. Kilio kikakatika, kikarudi, kikakatika tena. Macho yalifuata mraba mmoja uliopinda hadi mwingine, kama mtu anayehesabu wageni. Kisha akafungua mdomo, akalishika titi la mama yake aliyekuwa bado anachora kwa mkono wa kulia, akanyonya. Na akiwa ananyonya akalala.

Hakuna aliyethubutu kukohoa. Watu wote walisimama walivyokuwa wamesimama, na hata nakshi, zilizokuwa zikihangaika kwenye nguo na vyungu vyao, zikasimama zilipokuwa ili zisimwamshe. Zilikaa hivyo mpaka jua likazama. Zilipotaka kuondoka zikagundua zimekwisha kuota mizizi.

Na tangu siku hiyo nakshi hukaa pale unapoziweka, na kila moja imebaki ilipokutwa; ndiyo maana kaya ya Mzee Misigalo huvaa hadi leo miiba ya samaki, ambayo kwingine hupamba vibuyu vya kubebea maji. Wanawake wa Mpandula nao huchora kwa nta ya moto mapambo ya nguo, mikeka na nyungo. Huchora haraka, bila kamba ya kunyooshea, na mistari yao hupinda na kuvujiana, hata ukiitazama kwa muda utadhani inatafuta njia ya kutoka.

Na ubao wowote wa nta utakaouona huko una kona moja isiyopakwa kitu. Mgeni hudhani mchoraji aliishiwa nta. Wenyeji humwambia hapana: hapo ndipo Kalunde alipofika, kijiti kikamdondoka, na yeye pia akalala.