Ubongo Uliojua Kunde Tu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu kama walioshiba ugali mchana. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani, zamani za kale, kabla binadamu hajaijua kompyuta, wanyama walikuwa nazo. Msinicheke! Walikuwa nazo, na kila kompyuta ilikuwa na ubongo wake, kijipande kidogo kama ukucha. Hicho ndicho kilichopiga hesabu.

Bongo hizo zilitengenezwa na mafundi wawili, Buibui na Mchwa, katika karakana moja. Buibui alitandaza nyuzi nyembamba, hesabu zikapita mbio. Mchwa alitoboa matundu ya hewa, kama afanyavyo kwenye kichuguu chake, joto likatoka. Nao wakiimba kwa kupokezana:

Vuta uzi, mwenzangu, vuta,
Nami natoboa, joto litoke.

Basi wanyama wakawa wanasifu nyuzi tu. "Buibui fundi! Buibui hana mfano!" Tundu nani huliona? Kichwa cha Buibui kikavimba.

"Mwenzangu," Mchwa akasema siku moja, "kazi yangu mbona hakuna anayeitaja? Hata wewe?"

"Kutoboa tu?" Buibui akajibu. "Hata panya anatoboa."

Mchwa hakugomba. Alikusanya vifaa vyake, akateremka bondeni, akafungua karakana yake mwenyewe.

Siku ya kwanza Buibui aliifurahia nafasi. Siku ya pili aliimba, akafika pale pa kuitikiwa, kimya. Siku ya tatu hakuimba. Alimkumbuka Mchwa, jamani! Alimkumbuka mpaka nyuzi zikawa zinamkatikia. Lakini kwenda kumwomba arudi? Thubutu!

"Nikimshinda," akajiambia, "atafunga karakana yake, atarudi mwenyewe."

Kila mwaka Kobe alizishindanisha bongo mbele ya wanyama wote. Na Kobe mnamjua, hapendi mambo mapya. Swali lake lilikuwa moja tangu ujana wake, na gunia lake lile lile: "Gunia hili lina kunde ngapi?"

Mwaka wa kwanza ubongo wa Buibui ulikwenda mbio, ukapata joto, ukasimama njiani; wa Mchwa ukajikokota polepole mpaka mwisho. Mchwa akashinda. Mwaka wa pili Buibui akaongeza nyuzi, joto likazidi, ukasimama tena. Mchwa akashinda. Mwaka wa tatu Buibui akawaza: gunia ni lile, kunde ni zile, nihesabu ya nini? Akalisuka jibu lenyewe ndani ya nyuzi.

Kobe hajafunga mdomo, ubongo ukajibu: "Kunde laki nne na tisa!"

Vigelegele! Mchwa akaja, akampa Buibui mkono. "Hongera," akasema. Buibui akangoja neno la pili. Mchwa akageuka, akaenda zake.

Mfalme Tembo akauchukua ubongo ule, akautia kwenye mashine ya kupima mto, iwaonye wanyama kabla ya mafuriko. Masika yakaingia, mvua ikanyesha siku tisa.

"Mto umepanda kiasi gani?" Tembo akauliza.

"Kunde laki nne na tisa!"

"Maji yatafika lini?"

"Kunde laki nne na tisa!"

"Tukimbilie wapi?"

"Kunde..." Moshi ukafuka, ubongo ukanyamaza.

Maji yakaja bila kuonya. Wanyama walikimbilia mlimani, wakapona. Buibui hakukimbilia mlimani. Alirusha uzi mti hadi mti juu ya maji, akiita, "Mchwa! Mchwa!" Akamkuta juu ya tawi na wanawe, wamelowa chapachapa. Kichuguu hakikuonekana tena.

"Nilidanganya," Buibui akasema huku akilia. "Nilitaka ushindwe, ili urudi. Nimekukumbuka, mwenzangu. Rudi nyumbani."

Mchwa akamtazama sana.

"Miaka mitatu niliweka kigoda chako karakanani," akasema. "Mgeni akitaka kukikalia, namkataza, namwambia kina mwenyewe. Ungekuja siku yoyote ukasema hivyo tu, ningebeba vifaa vyangu tukaondoka."

"Na sasa?"

"Sasa kimekwenda na maji. Nimekusamehe, Buibui. Lakini watoto hawa hawana kwao, nami siwezi kuwalea karibu na kazi yako."

Maji yalipopungua, Mchwa akawatanguliza wanawe, wakashika njia ya nchi kavu. Buibui alibaki pale tawini, akiwatazama mpaka wasionekane.

Basi, wenzangu, ukimkumbuka mtu mwendee umwambie. Usimshinde ili arudi. Mtu harudishwi nyumbani kwa kushindwa.

Hadithi yangu naitua hapa, imenilemea bega. Na aliye na mwenzake ng'ambo ya bonde, ananisikiliza ya nini? Ainuke aende.