Kinyozi wa Mwangao na Mkataba wa Sultani

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi na amani haba, Sultani Hamdani wa Kitoka aliwashinda watu wa Mwangao vitani, akawaandikia mkataba wa masharti matatu. Kwanza, mtu wa Mwangao asishike chuma chenye makali. Pili, kila mwaka, siku ya kukumbuka ushindi, mtu wa Mwangao aje amnyoe Sultani mbele ya wageni. Tatu, siku hiyo Sultani asiinuke kitini kabla hajanyolewa. Aliyatunga mwenyewe kwa furaha, wala hakuyasoma mara ya pili, maana washindi hawana desturi hiyo.

Basi mpunga wa Mwangao ukaiva, watu wakawa wanauvuna kwa kucha, na nusu nzima ikaliwa na ndege. Njaa ikaingia. Vijana wakaanza kuchongoa mianzi kwa mawe huko msituni, na Sultani aliposikia akaongeza askari mpakani, ikawa pande zote mbili watu wanalala na viatu. Wazee wa Mwangao walikwenda kuomba mkataba urekebishwe, wakajibiwa kwamba atakayegusa hata nukta moja atakatwa kichwa.

Siku ya ukumbusho ilipofika, Mwangao wakampeleka Shapi, kinyozi fukara ambaye wengi walimwona punguani. Shapi akainama kwa adabu, akatoa donge la nta, akalibandika kwenye utosi wa Sultani, akavuta. Zikatoka nywele nne, na Sultani machozi yakamlenga.

"Ewe mjinga, wafanya nini?"

"Nakunyoa, Bwana wangu. Zimebaki nyingi kidogo."

Sultani akaamuru uletwe wembe wake mwenyewe, wenye mpini wa pembe. Shapi akaficha mikono mgongoni.

"Mkataba haukusema chuma cha nani, Bwana wangu. Nami kichwa changu bado nakipenda."

Akabandika nta tena. Sultani akataka kuinuka, lakini kadhi, mtu asiyejua mzaha, akamkumbusha sharti la tatu. Wageni wakaziba vinywa kwa ncha za vilemba. Ikafika adhuhuri, utosi wa mtukufu umekuwa kama kuku aliyenyonyolewa nusu, naye Sultani akauliza kazi itakwisha lini.

"Labda mavuno yajayo," akasema Shapi. "Nayo kwetu huchelewa, Bwana wangu, maana twavuna hivi hivi."

Sultani akajipapasa utosi, kisha akacheka mpaka kiti kikatikisika. Akaita karani, akalifuta sharti la kwanza kwa mkono wake, akaagiza watu wa Mwangao warudishiwe miundu yao na askari waondoke mpakani.

Ndipo Shapi akautwaa wembe, akamaliza kichwa, akauliza kama anyoe na ndevu. Walinzi wakashika panga zao. Sultani akawaashiria wakae, akainua kidevu, akafumba macho. Mimi nasema vita vile vilikwisha hapo, si siku mkataba ulipotiwa muhuri.