Fisi Ajifunza Kiingereza cha Korongo

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa nini?

—Pakawa ofisi kinamasini!

Haa, leo mmeamka! Basi palikuwa na ofisi kinamasini, ofisi ya Korongo, wale ndege wanaokuja kila mwaka kutoka Ulaya wakikimbia baridi. Kiingereza ni chao, wamezaliwa nacho mdomoni, na midomo yenyewe mnaijua ilivyo mirefu! Hapo walifanya kazi Fisi na Pelele. Fisi mnamjua. Pelele ni kale kanyama kadogo ka mawemawe, mkia hakana.

Saa ya chakula Fisi husema, "Givu mi!" Gwaf, akala chake. Gwaf, akala cha Pelele. Watoto wa Pelele wakilala njaa.

Siku moja mkuu wa ofisi, Bi Korongo, akatangaza: anatafuta mtunza ghala la samaki. Samaki wote, ufunguo mmoja! Fisi mate yakamdondoka, cho cho cho! Pelele moyo ukampiga, du du du! Akasema, "Fisi akishika ufunguo ule, wanangu wamekwisha."

Fisi huyoo, akamfuata. "We Pelele! Nikisema 'Givu mi', Bi Korongo anakunja uso. Nifundishe Kiingereza cha wenyewe, la sivyo nakutafuna!"

"Taratibu, kaka mkubwa. Kiingereza unacho, ila hakijaungwa nazi. Mwenyewe hadai. Akipewa kitu, anaweka mkono kifuani, anasema: Oo, ai kudunti posibli!"

"Maana yake?"

"Jamani, hata siwezi."

Fisi akacheka, hii hii hii! "Kumbe kama kwetu! Mgeni anakataa, mwenyeji anambembeleza, mgeni anamaliza sufuria!"

Pelele akakohoa tu, khe khe.

Basi Fisi njiani, "Oo, ai kudunti posibli!" Fisi chooni, "Oo, ai kudunti posibli!" Semeni naye, watoto!

—Oo, ai kudunti posibli!

Siku ya usaili ikafika. Fisi na tai shingoni! Bi Korongo akasema, "Karibu samaki, Bwana Fisi."

"Oo, ai kudunti posibli!"

Sahani ikaondolewa. Fisi akameza mate, akajisemea, bado hajaanza kubembeleza.

"Bwana Fisi, unaongea kama umezaliwa kwetu! Je, utatushikia ufunguo wa ghala?"

Mkono kifuani, sauti laini: "Oo, ai kudunti posibli!"

Akasubiri. Akatabasamu. Akasubiri.

"Haya, nimekuelewa. Anayefuata!"

"Mama! Givu..." Mlango, pwaa!

Akaingia Pelele. "Utashika ufunguo?"

"Yesi! Mi wanti!" Kiingereza kibichi, hata moto hakijaona. Ufunguo ukaanguka mkononi, ting!

Nje Fisi akamzuia njia kwa hasira. "Umenidanganya! Hakunibembeleza!"

"Nani alikwambia watabembeleza? Mwaka jana Bi Korongo alinikaribisha samaki. Nikakataa kidogo tu, kwa adabu, kama mama alivyonilea. Sahani hiyoo, ikaenda! Nililala njaa, kaka. Kwao hapana ni hapana."

Jioni ile watoto wa Pelele walikula mpaka wakalala na miiba mkononi.

Funzo, wanangu: jitahidini mseme Kiingereza kama wenyewe, ili mkikosa kazi, mkose kwa ufasaha.

Hadithi yangu imechoka, imekaa chini. Tamu yake bebeni, chungu mpelekeeni Fisi. Sasa, nani ataosha vyombo hivi?

—Oo, ai kudunti posibli!

Ala! Mimi Korongo? Inukeni mkaoshe!