Shikamoo ya Tembo

Paukwa! Itikieni kwa nguvu, maana hadithi hii ni ya aibu na sitaki kuibeba peke yangu.

Alikuwapo Shomari, mfunza wanyama wa sarakasi. Jini alimpa kiboko cha ajabu: mnyama akichapwa nacho, husema neno kama mtu, kisha hunyamaza. Akamchapa Tunu, tembo mkongwe aliyemrithi kwa baba yake, akampigisha magoti mbele ya watu, nami nikiwamo.

"Shikamoo, bwana," akasema Tunu.

"Marahaba!" Tukacheka mpaka machozi.

Mji wa pili, kiboko, shikamoo, marahaba, kicheko. Mji wa tatu, kiboko tena, na Tunu akapiga magoti.

"Shikamoo, Shomari. Hata baba yako alikuwa akiniamkia. Na wewe, mama yako alipokufa, nilikubembeleza kwa mkonga huu."

Hakuna aliyecheka. Shomari akatupa kiboko, akapiga magoti vumbini.

"Shikamoo, bibi."

Akangoja. Ndipo akakumbuka: ili Tunu aitikie, lazima achapwe.

Basi mkimkuta mzee anamwamkia tembo kila asubuhi bila kuitikiwa, msicheke. Sisi tulikwisha kucheka.