Mtamba Mmoja kwa Waliomtoa Nyamizi Baharini

Nipeni masikio yenu, nami nitawapa mzigo. Ninautua hapa mbele yenu, na mkiondoka ondokeni nao, maana mimi umenishinda.

Katika kijiji kimoja cha pwani, kwenye kisiwa ambacho wageni hufika kupumzika, walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alipewa chake.

Wa kwanza ni Bi Sihaba, mkulima wa mwani. Yeye alipewa jicho. Ukimpungia mkono njiani hakupungii papo hapo. Atakupima kwanza ajue kama unamsalimu, unamwita, au unafukuza nzi. Watu walisema ana maringo. Hakuwa na maringo hata kidogo, ila alikuwa hajibu kitu kabla hajakielewa.

Wa pili ni Machano. Yeye alipewa sauti. Alfajiri akiadhini, hata wa upande wa pili wa kisiwa walijua kumekucha, na wavivu walimlaumu yeye badala ya kulilaumu jua. Mchana alifanya kazi ya kutembeza wageni kwa pikipiki za maji, vile vyombo vyenye kiti na usukani vinavyokimbia juu ya bahari. Yeye hukaa nyuma kabisa ya msafara, kuchunga asipotee mtu.

Wa tatu ni Vuai, anayetangulia mbele ya msafara huo. Yeye alipewa mkono wa kuendesha. Penye wimbi la kumwangusha mwingine, Vuai hupita na miwani yake usoni. Tena alikuwa mtu wa adabu sana. Mke wa mtu alikuwa hamtazami, achilia mbali kumgusa. Akimvalisha mgeni jaketi la kuelea, humvalisha mume, na mume ndiye humvalisha mkewe.

Bi Sihaba na Vuai walikuwa hawasemezani. Siku moja pikipiki ya Vuai ilipita juu ya shamba la mwani ikakata kamba za yule mama, na tangu hapo salamu zilikwisha. Shamba la mwani, kwa asiyelijua, ni kamba ndefu zilizofungwa kwenye vijiti baharini, maji ya kiunoni, na mwani umening'inizwa humo ukue.

Basi wakaja maharusi kutoka Tabora, Gervas na Nyamizi, kula fungate. Gervas alikuwa mnene, mcheshi, mwenye simu isiyotoka mkononi. Nyamizi alikuwa msichana wa nyumba ya wafugaji ambaye hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Wote wawili hawakujua kuogelea.

"Gervas, mimi naogopa," Nyamizi alisema pale ufukweni.

"Unaogopa nini na mimi nipo?"

Wanaume tumejaliwa neno hilo. Hulitoa haraka kabla hatujaangalia kina.

Vuai akawaeleza wageni wote. Akawaonyesha kichuma cha mafuta chini ya vidole vya mkono wa kulia: ukikibana chombo kinakwenda, ukikiachia kinapoa. Akawaonyesha na kamba ya msokoto inayovutika, nyekundu, ncha moja imechomekwa kwenye injini na ncha ya pili ni ya kufungwa kwenye kifundo cha mkono wa dereva. Dereva akianguka, kamba inachomoka na injini inazima.

Wakati huo Gervas alikuwa anajipiga picha. Alipogeuka aliiona kamba, akaona inafaa kumfunga mtu asidondoke, na mtu aliyetaka asidondoke ni mkewe. Akamfunga Nyamizi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akaikaza vizuri kwa mapenzi. Vuai alipita kukagua kamba za wageni. Kufika kwa maharusi, bibi harusi yuko karibu, mabega wazi, naye akageuza uso upande. "Mko tayari, shemeji?" akauliza huku anatazama mchanga. Gervas akajibu wako tayari kabisa.

Wakatoka, Vuai mbele, wageni katikati, Gervas akiendesha na mkewe nyuma yake kwenye chombo kimoja, Machano mwisho. Maji yalikuwa yanakupwa. Kwenye kisiwa kile maji yakikupwa, bahari yote iliyo ndani ya mwamba hutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni mahali pamoja tu, ufa katika mwamba wanaouita Mlango. Mkondo unapita pale kwa nguvu, nje mawimbi yanavunjika, na huku na huku ni mawe makali. Njia ya msafara hulizunguka shamba la mwani na kuuepuka Mlango kwa mbali.

Penye kona, Gervas alikata usukani kwa mbwembwe. Akarushwa upande mmoja, maji yakampokea.

Injini haikuzima. Nyamizi, aliyebaki nyuma peke yake, alihisi chombo kinayumba, akajivuta mbele ashike usukani asianguke. Aliposhika, vidole vyake vya kulia vikakibana kile kichuma. Chombo kikaruka. Akaogopa, na kwa kuogopa akakaza zaidi, na alivyokaza ndivyo kilivyokwenda. Hapo ndipo ninapomwonea huruma yule mtoto wa watu. Hofu yake ndiyo iliyokuwa ikimwendesha, na hakuna aliyemwambia kwamba akikunjua vidole mambo yatakwisha.

Akaelekea Mlangoni.

Akainua mkono wa kushoto, akaupunga kwa nguvu zake zote. Alikuwa anapiga kelele pia, lakini injini ilimeza kelele. Mkono aliokuwa akipunga ndio uliofungwa kamba ya kuzimia injini, nao msokoto ulivutika tu bila kuchomoka.

Wageni wakauona mkono ule. Mmoja akasema, "Tazameni bibi harusi, kumbe anajua kuendesha kuliko mumewe," wakacheka, wakampungia. Vuai, mbele kule, alitazama nyuma mara moja, akaona chombo kinakwenda na mkono unapunga, akadhani ni mume na mke wanafurahi, akapunga naye. Hata Gervas, kichwa juu ya maji, alipunga huku anacheka. Nyamizi akaona watu wote wanampungia, na kila alivyozidi kuomba wakazidi kumpungia kwa furaha.

Bi Sihaba alikuwa shambani mwake, kisu mkononi, anavuna. Akauona mkono. Hakupunga. Aliutazama ukipanda na kushuka, akaona vidole vimetanuka, akaona kichwa hakigeuki kwa wenzake kama kichwa cha mtu anayecheza. Akafungua kanga ya kichwani, akaishika kwa mikono miwili, akaanza kuitikisa akimwelekea Vuai, mtu ambaye alikuwa ameapa hatamsemesha.

Vuai akaiona kanga, akadhani anagombezwa tena. Akasogea kwa shingo upande, akaweka chombo mbali kidogo na kamba.

"Bi Sihaba, leo sijagusa kitu chako."

"Mtu anakufa, mwanangu. Tazama Mlangoni. Yule hachezi."

Vuai akatazama, akageuza usukani. Kulizunguka shamba kungemchelewesha, na angefika kuokota jaketi tupu. Bi Sihaba aliliona hilo kabla yake. Akageuka, akaanza kukata kamba zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, mwani uliokomaa ukachukuliwa na maji mbele ya macho yake. Alikata njia nyeupe katikati ya shamba. "Pita hapa," alisema. "Pita, usiniangalie mimi."

Sasa turudi kwa Machano. Alikuwa amemfikia Gervas ili ampandishe, na Gervas akapanda kwa ubavu na uzito wake wote, wakapinduka wote wawili. Chombo kikanywa maji, hakikuwaka tena. Machano akamshika Gervas mkono atafute kamba nyekundu. Haikuwapo.

"Kamba iko wapi, kaka?"

"Nimemfunga mke wangu. Nilitaka asianguke."

Machano akageuza kichwa akamwona Nyamizi karibu kabisa na mawe. Hakuwa na chombo, na kwa kuogelea asingefika. Alibaki na sauti. Mtu mwingine angepiga ukelele, na ukelele katika upepo hukatika vipande. Machano alisimama juu ya tumbo la chombo kilichopinduka, akaweka kiganja sikioni, akaivuta pumzi, akaita kwa sauti ndefu kama anayeadhini: "Nyamiziii. Kamba ya mkonooo. Ing'oeee." Akarudia, akarudia, mpaka kitu kikachanika kooni akasikia ladha ya damu.

Nyamizi akalisikia jina lake likija juu ya injini. Akatazama mkono. Mkono wa kulia ulikataa kuachia usukani, basi akaileta kamba mdomoni, akaivuta kwa meno. Ikachomoka. Injini ikanyamaza, na mwamba ulikuwa karibu kiasi kwamba aliona kaa wakikimbilia kwenye nyufa.

Lakini bahari haikunyamaza. Mkondo ukakichukua chombo kilichozimika, ukakiingiza Mlangoni kwa kurudi nyuma. Wimbi la kwanza likakisimamisha, la pili likamtupa Nyamizi majini. Jaketi lilimshikilia juu ya maji, ila halikuzuia maji kumwingia puani, wala halikumzuia kwenda nje, kule ambako hakuna kitu cha kushika.

Vuai akaja kwa njia aliyokatiwa. Hakupunguza mwendo kwenye Mlango, kwa sababu anayepunguza pale hugeuzwa. Alipita kati ya mawe mawili, wimbi likamfunika, akatokea upande wa pili akiwa bado amekaa. Akamwona. Akaunyosha mkono, akaukosa mkono wake. Mara ya pili akamshika misuko ya nywele. Yule kijana ambaye alikuwa hamtazami mke wa mtu alimvuta kwa nywele, akamkumbatia kiunoni, akambwaga mbele yake kitini. "Nisamehe, dada," alikuwa akisema, "nisamehe, shika hapa." Wakati wa kurudi jiwe lilimpasua Vuai mguu kuanzia goti mpaka kisigino, naye hakujua mpaka alipoona maji yamekuwa mekundu.

Nyamizi akafika nchi kavu akiwa hai. Alitapika maji, akakaa mchangani, na vidole vya mkono wa kulia vilikataa kukunjuka. Bi Sihaba ndiye aliyevikunjua kimoja kimoja, huku anamsemesha taratibu.

Habari zikafika Tabora kwa baba yake, Mzee Kasanda. Akapiga simu, wakaiweka sauti kubwa uani kwa Bi Sihaba, watatu wale wakiwepo, na maharusi, na majirani wasioalikwa.

"Nimetenga mtamba mmoja," Mzee Kasanda alisema, "mwekundu, hajazaa bado. Ni wa aliyenirudishia mwanangu. Katika ukoo wetu ng'ombe wa uhai hauzwi, hachinjwi, hagawanywi. Anayempokea anakuwa mzazi wa pili wa Nyamizi. Mtoto wake akizaliwa, huyo ndiye atakayempa jina. Nikifa, huyo ndiye atakayesimama mahali pangu. Kwa hiyo msiniambie ni watatu. Mtu hawezi kuwa na baba wanne. Niambieni ni nani."

Watu wakaguna. Jirani mmoja akasema ni Bi Sihaba, kwa kuwa wote walipunga isipokuwa yeye, tena ameupoteza mwani wa msimu mzima. Mwingine akasema jicho halimtoi mtu majini. Bila Machano wangeokota vipande kwenye mwamba, na Machano mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, shingo imefungwa kitambaa, hawezi kusema hata ahsante. Alfajiri ile msikitini alikuwa ameadhini mwingine. Wa tatu akasema maneno na kanga ni vyema, lakini aliyeingia Mlangoni na kutoka ni mmoja tu.

Vuai akasema, "Mie mnitoe. Ningeutazama mkono wake kule ufukweni, kamba ningeiona. Adabu yangu ilitaka kumuua."

"Ukitoka wewe, nani alimtoa baharini?" Bi Sihaba akamuuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya upole kwa Vuai tangu wagombane.

Gervas alikuwa ameinama muda wote. Wakamgeukia Nyamizi achague mwenyewe. Akaisogelea simu.

"Baba, siwezi," alisema. "Nikifumba macho siuoni mwamba. Nawaona watu wananipungia, na mume wangu yumo. Sasa hivi namwogopa kila mtu anayeniinulia mkono. Nichagulieni mtu ambaye sitamwogopa."

Simu ikakaa wazi.

Haya, mzigo ndio huo. Msinijibu "wote," maana mtamba ana kamba moja shingoni na mzee ameshakataa. Wala msinijibu haraka kwa kuwa mnataka kwenda kulala. Asingeona Bi Sihaba, Vuai asingejua kwa wakati. Asingeita Machano, mwamba ungempokea. Asingeingia Vuai, bahari ingemla, na ni huyohuyo ambaye angeutazama mkono ule ufukweni mara moja tu, pasingekuwa na hadithi.

Mzee Kasanda bado yuko kwenye simu. Nyamizi ameweka mkono wake wa kulia mapajani, anasubiri mzazi. Wewe uliyekaa hapo, utamtajia nani?