Mwezi wa Pili wa Shekuwe

Sikilizeni hadi mwisho, maana jibu mtanipa nyinyi.

Katika mji wa Pandakuu walikuwako watu watatu wa kutajwa. Somoe, mshona kofia, alikuwa na macho yasiyopitwa na kitu. Mbwarahaji alikuwa na kumbukumbu. Alilolisikia mara moja halikumtoka. Shekuwe, mnajimu, alikuwa na neno: akisema pandeni, mji unapanda.

Mwaka huo mvua ilinyesha mapema. Mwanaesha, mjane mwenye wajukuu wanne, alikuwa na pishi moja tu ya mbegu za mtama. Shekuwe akatangaza kuwa dunia ina mwezi wa pili, mweusi, na Ijumaa utapita mbele ya jua; atakayepanda kabla haujapita, mbegu zake zitaoza. Mwanaesha akafunika kikapu cha mbegu, huku ardhi ikianza kukauka.

Ijumaa watu walilitazama jua ndani ya beseni la maji yaliyotiwa wino. Kweli, palikuwa na doa. Shekuwe akasema ndio mwezi wenyewe, wasubiri upite.

Somoe aliinamia beseni toka adhuhuri hadi alasiri. Doa halikusogea. Akamgeukia Shekuwe.

"Mjomba, mpita njia gani huyu asiyepiga hatua?"

Watu wakasema labda unakwenda polepole. Ndipo Mbwarahaji akaeleza kuwa babu yake alimsimulia doa kama hilo, mwaka wa nzige. Lilikaa siku kadhaa usoni mwa jua, likafifia. Waliopanda walivuna.

Bado hakuna aliyegusa jembe, walimngoja Shekuwe. Angenyamaza, heshima yake ingebaki. Alitazama tena, akavua kilemba.

"Nimekosea. Mwezi ni mmoja. Kapandeni."

Mwanaesha alipanda jioni ile ile. Mvua ikakatika upesi. Miji ya jirani iliyochelewa ilivuna mabua. Shamba lake likatangulia kuiva, na desturi ya Pandakuu ni kwamba mwenye shamba hilo humpa limbuko, bakuli moja la uji lisilogawanywa, mtu aliyelinusuru.

Wajukuu walikuwa wameshiba. Mwanaesha alisimama na bakuli mbele ya wale watatu, akamshukuru kila mmoja kwa jina. Shekuwe alipotajwa, jirani akaguna: "Aliyewasha moto ashukuriwe kwa kuuzima?"

"Na nani mwingine angeuzima?" Mwanaesha akamuuliza.

 Akawatazama tena wale watatu, na uji ulikuwa unapoa.

Je, bakuli lingekuwa mikononi mwako, ungemkabidhi nani?